Kupanga upya kozi za digrii ya ustawi wa jamii: shajara ya mradi, Januari hadi Agosti 2025

28 Januari

Naanza kuandika hii shajara leo kwa sababu mwaka jana tulijaribu kitu kama hiki, tukabishana wee, halafu baada ya miezi 4 hakuna aliyekumbuka tulikubaliana nini. Safari hii kila kitu kinaandikwa, hata cha aibu.

Kwa wasionijua: nafundisha idara ya ustawi wa jamii kwenye chuo kimoja cha binafsi huku Mbarara, Uganda, na ndo kodineta wa fildi, yaani mimi ndo nawatafutia wanafunzi sehemu za mazoezi na mimi ndo napigiwa simu mambo yakiharibika. Digrii yetu ni miaka 3, semista 6, kila semista kozi 6, jumla 36, na fildi mara mbili, wiki 8 baada ya mwaka wa kwanza na wiki 10 baada ya mwaka wa pili. Akreditesheni, yaani kibali cha kuifundisha digrii hii, inakaribia kuisha kwa hiyo mtaala lazima urudi NCHE, baraza la taifa la elimu ya juu, na mkuu wa idara kaniambia "Mwalimu, hebu angalia na mpangilio wa kozi", kwa sauti ya mtu anayemwambia dereva aangalie tairi kabla ya safari.

Ila kilichonisukuma mimi siyo NCHE. Ni ripoti moja ya fildi ya mwaka jana.

Binti wa mwaka wa kwanza, mtoto wa Bushenyi, Kiswahili hajui hata cha sokoni. Alipangiwa Nakivale, kambi ya wakimbizi, kwenye shirika moja linalohudumia familia za wakimbizi. Siku ya tatu tu akapewa fomu na mama Mkongomani wa kumhoji. Mama anaongea Kibembe na Kiswahili, basi. Binti akatafuta wa kumtafsiria, akapata kijana wa miaka kama 10 aliyekuwa amesimama mlangoni, yule anajua Kinyankole na Kiingereza cha shuleni. Kwenye ripoti kaandika, tena kwa furaha, kwamba mtoto alimsaidia sana. Ukifika ukurasa wa pili ndo unaelewa kumbe mtoto ni wa huyo huyo mama, na swali la 9 kwenye fomu lilikuwa kama mama anapigwa nyumbani. Jibu lililojazwa: hapana.

Nimeisoma hiyo "hapana" mara nyingi kuliko nilivyosoma barua yangu ya ajira.

Nikafungua mtaala nione huyu binti angefundishwa lini kwamba siri za mama hazipitishwi kinywani mwa mtoto wake. Maadili na usiri, mwaka wa 3 semista ya kwanza. Mbinu za kumhoji mteja, mwaka wa 2. Sheria, ikiwemo ile ya ukatili wa nyumbani ya 2010, mwaka wa 3 semista ya mwisho. Kiswahili nacho mwaka wa 3. Yaani kila alichokihitaji asubuhi ile kilikuwa bado kinamsubiri mbele ya safari, na aliyemtuma huko ni mimi, saini yangu ipo kwenye barua. Alikuwa amesoma nini tayari? Uchumi, maendeleo, kompyuta, sosholojia, mbinu za mawasiliano ambazo kwetu ni namna ya kuandika barua ya kuomba kazi, na Maslow, yule wa piramidi la mahitaji ya binadamu.

Kwa hiyo swali langu la mradi ni moja tu, kabla mtoto wa watu hajakaa mbele ya mteja wake wa kwanza awe ameshapita wapi. Tuanzie pale turudi nyuma.

6 Februari

Kukusanya autlaini, yaani mihtasari ya kozi. Nilidhani ni kazi ya siku 2, imekula wiki nzima. Autlaini huku ni kama mswaki, kila mtu ana wake na hapendi uuguse. Kati ya 36 nimepata 29. Zingine nimetumiwa picha kwenye WhatsApp, ukurasa umekunjwa kona, moja ina alama ya kikombe cha chai, moja ni ya mwaka 2014 imebadilishwa tarehe tu tena kwa peni.

Nimezisoma zote usiku. Maslow anafundishwa kwenye kozi 5. Tano! Saikolojia, sosholojia, ushauri nasaha, uongozi wa mashirika na maendeleo ya jamii. Sheria ya watoto inafundishwa mara moja, saa 4, mwishoni kabisa mwa mwaka wa 3. Kila mwalimu kwake mwenyewe yuko sawa, anadhani wanafunzi hawajawahi kumsikia huyo mzee na piramidi lake, ni kwamba hakuna anayejua mwenzake anafundisha nini mlango wa pili.

15 Februari, Jumamosi

Leo ofisi ilikuwa kimya, nimekata manila kadi 36, kila kozi kadi yake, nikazitandaza sakafuni. Kwenye kila kadi nimeandika vitu viwili, mwanafunzi anaingia akijua nini, na anatoka akiweza kufanya nini. Nimekataa neno "kuelewa". Ataelewa umaskini, ataelewa familia, hayo hayapimiki. Andika atafanya nini: atahoji, ataandika ripoti ya mahakama, ataitisha kikao cha kijiji.

Halafu nikachukua mambo 12 ambayo mtu wa fildi hawezi kukosa, usiri, kuhoji, kuandika kumbukumbu za kesi, rifaro (kumpeleka mteja kwa anayehusika), sheria za msingi, lugha na mengineyo, nikapita kadi kwa kadi naweka herufi. A ni anaanzishiwa, Z anazoeshwa, M anamudu. Wazo siyo langu, watu wa mitaala wanafanya hivi siku nyingi, mimi nimebadilisha herufi tu. Usiri ulipata A moja, mwaka wa 3, hakuna Z hakuna M. Maslow akapata A tano. Anaanzishwa kila mwaka kama kampeni ya chanjo lakini hakuna anayeulizwa amtumie kufanya nini.

Baadaye nikaanza mishale ya nani amtangulie nani. Hapo ndo nikacheka peke yangu. Kozi ya mbinu za utafiti inasema mwanafunzi aje akijua takwimu. Autlaini ya takwimu inasema mwanafunzi aje na data ya utafiti wake. Zote ziko semista moja, mwaka wa 2 semista ya pili. Mshale unatoka huku unaenda kule unarudi. Nikauzungusha kwa maka nyekundu mara mbili nikapiga picha nikaitupa kwenye grupu la idara, sikuandika chochote. Wa kwanza kujibu ni mzee wa takwimu mwenyewe: "Sasa mimi ndo wa kuhama?"

Mfagizi kaingia jioni akauliza kama azikusanye. Nilipiga kelele utadhani kakanyaga mtoto.

11 Machi

Kikao cha idara. Ramadhani, nusu yetu hatunywi chai na nusu nyingine wanaona haya kunywa mbele yetu, kwa hiyo kikao kimekuwa kifupi na hasira zimekuwa karibu.

Nilienda na pendekezo kubwa: mwaka wa kwanza utoe uchumi na nadharia za maendeleo viende mwaka wa 2, na kompyuta itoke pia, na mahali pake viingie maadili, mbinu za kuhoji, sheria za msingi na Kiswahili. Nilidhani nikieleza habari ya yule mama watu watanyamaza halafu tutapiga kura. Walinyamaza kweli. Halafu wakaanza.

Mwalimu wa uchumi akasema uchumi wa mwaka wa kwanza anaufundisha kwa wanafunzi wetu na wa kozi ya maendeleo pamoja, holi moja, mwalimu mmoja, malipo mara moja. Ukiwahamisha wetu, kunakuwa na madarasa mawili, nani analipa? Hilo sikuwa nimeliona, na ana haki. Kumbe robo ya mwaka wetu wa kwanza imepangwa na ukubwa wa holi.

Sheria iko mwisho kwa sababu wakili wetu ni paati-taimu, anatoka Kampala, kama kilomita 270 kuja huku, na miaka ile mtaala ulipoandikwa alikuwa na nafasi semista hiyo tu. Ndo basi. Hakuna falsafa yoyote. Watu wameshatunga na sababu, eti sheria inahitaji akili iliyokomaa, nimesikia hiyo miaka 6 nikaiamini.

Mzee wa takwimu alisubiri mwisho. "Mwalimu, mimi nilikuwa hapa kabla ya hili jengo. Unataka kunihamisha chumba au unataka kunitoa nyumbani?" Nikamwambia, mzee wangu, nakusogeza semista moja mbele, utafiti ukukute ukiwa umeshamaliza. Akasema ataangalia. Kwa anayemjua, hiyo siyo hapana.

Lakini aliyenirudisha chini kabisa ni Hajati wa ofisi ya rejista. Kaongea dakika 5 tu. "Mwanangu, mpangilio mpya ni mzuri, sasa niambie, yule wa mwaka wa 2 aliyeanguka kozi ya zamani ya mwaka wa kwanza, ambayo wewe umeihamisha, ataenda kuirudia darasa lipi?" Kimya. "Na hawa wa mitaala miwili tofauti, kwa miaka 2 unawapangia ratiba moja au mbili?" Sikuwa na jibu. Nimeandika swali lake kwenye ukurasa wake peke yake.

21 Machi

Hakuna kilichofanyika. Kusahihisha majaribio, futari, kulala.

9 Aprili

Nimekaa na wanafunzi 14 wa mwaka wa 3 chini ya mwembe nyuma ya maktaba, bila maikrofoni bila fomu. Niliwauliza kitu kimoja, siku ya kwanza fildi ulijiona mjinga kwenye nini? Hawakuishiwa.

Kijana mmoja alipelekwa ofisi ya probesheni, ile ya serikali ya ustawi wa watoto na familia, ya wilaya fulani, akakuta mtoto mwenye alama za fimbo mgongoni, akaandika kwenye daftari lake, akaenda nyumbani. Hakujua kama anatakiwa amwambie mtu. Sasa marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016 yanamtaja mfanyakazi wa ustawi wa jamii wazi kabisa, pamoja na wa hospitali, mwalimu na diwani, kwamba akiwa na sababu ya kuamini mtoto ananyanyaswa lazima apeleke taarifa kwa afisa wa probesheni au polisi. Mtoto alikuwa ofisini kwa afisa mwenyewe kwa hiyo yeye alisalimika, lakini fikiria angekuwa kijijini. Hata namba 116 ya simu ya watoto aliijua kwenye bango la barabarani, siyo darasani kwetu.

Mwingine akasema, "Mwalimu, mimi nilijua hatua zote za kuhoji lakini nilizisoma baada ya kurudi, nikawa nasoma makosa yangu moja moja." Hii nimeiandika kama alivyosema.

Kilichonishangaza: karibu wote walisema Kiswahili kabla sijakitaja. Mimi ni mtoto wa barakisi, baba alikuwa jeshini, Kiswahili kwetu ni cha nyumbani, kwa hiyo niliogopa watadhani napigia debe lugha yangu. Wengi wao kilikuja kama adhabu, kwa Waganda wengi ilikuwa lugha ya askari na ya majambazi wa usiku, hilo linajulikana. Lakini kabineti iliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022 na kifundishwe msingi na sekondari, na hawa watoto hawazungumzii kabineti, wanazungumzia foleni ya watu Nakivale, Wakongomani na Warundi, inayowatazama mdomoni.

Pia nikampigia afisa wa probesheni mmoja anayetupokelea wanafunzi kila mwaka. Yeye hataki nadharia hata moja. "Nileteeni mtu anayejua kuandika ripoti ya uchunguzi wa kijamii ambayo hakimu hairudishi." Nimeiwekea kadi yake.

30 Aprili

Hii wiki imekuwa ya mishale na nusura niharibu mradi mwenyewe.

Nilikuwa nimeshalewa kozi tangulizi. Yaani kila kitu nakifungia mlango, huingii hapa bila kupita pale. Utangulizi, halafu kazi na mtu mmoja mmoja, halafu kazi na vikundi, halafu ushauri nasaha, halafu usimamizi wa kesi, halafu kozi ya kuunganisha mwaka wa mwisho. Kwenye karatasi inapendeza, kila kozi inasimama juu ya mwenzake kama matofali. Nikampelekea Hajati kwa kujiamini. Akahesabu kwa kidole: 6. "Semista ziko ngapi mwanangu?" Sita.

Mnyororo wa kozi 6 ndani ya semista 6, na kila kozi kwetu inafundishwa mara moja kwa mwaka. Mtoto akianguka kiungo kimoja, hata kwa sababu alikuwa na malaria wiki ya mtihani, anasubiri mwaka mzima na kila kitu mbele yake kinasogea. Kwa watoto wetu mwaka mmoja wa ada ni mara nyingi ng'ombe ambaye hayupo. Ningekuwa nimewaponya wateja nikawaumiza wanafunzi, na nisingejua mpaka foleni ya riteki, ya wanaorudia mitihani, ifike mlangoni kwangu.

Basi nimerudi kwenye kila mshale nikauliza kwa roho safi, je huyu kweli hawezi kusoma hii bila ile, au ni mimi napenda ikae hivyo? Kazi na vikundi haihitaji kazi na mtu mmoja, inahitaji utangulizi tu, kuna shule zinazianzisha pamoja. Ushauri nasaha unahitaji kazi na mtu mmoja, hilo halina mjadala, lakini vikundi hauvihitaji. Usimamizi wa kesi unaweza kwenda sambamba na ushauri. Mnyororo mrefu kabisa sasa ni viungo 4: utangulizi, kazi na mtu mmoja, ushauri nasaha, kozi ya kuunganisha. Kuna semista 2 za kupumua.

Na mishale yenyewe nimeigawa. Mikali ni 3 tu: huendi fildi ya kwanza bila maadili na kuhoji, hufanyi ushauri bila kazi na mtu mmoja, huandiki utafiti bila takwimu. Iliyobaki ni ushauri wa mwalimu tu, mwanafunzi anaambiwa lakini mlango haufungwi. Na kozi ya kuhoji itakuwa na riteki ya resesi, yaani wakati wa likizo, ili anayeanguka Mei asisubiri mpaka Mei nyingine. Hajati kaisoma akasema "hii sasa naweza kuiingiza kwenye mfumo", ambayo kwake ni sawa na kupiga vigelegele.

14 Mei

Kikao cha pili. Cha amani kidogo, kulikuwa na chai na karanga.

Tulichokubaliana: uchumi na maendeleo vibaki mwaka wa kwanza, holi linabaki holi, nimeshindwa na nimekubali. Mbinu za mawasiliano inavunjwa na kuandikwa upya iwe kozi ya kuhoji na kuandika kumbukumbu za kesi, ile ni yetu peke yetu hatugawani na mtu. Maadili inashuka kutoka mwaka wa 3 mpaka mwaka wa kwanza semista ya pili, na kompyuta inapanda. Sheria inakatwa vipande viwili, kipande cha msingi, watoto, ukatili wa nyumbani na ile ya wakimbizi ya 2006, kinaingia mwaka wa kwanza, na kikubwa kinabaki mwisho na wakili wetu. Kipande cha msingi atafundisha mwalimu wetu wa ndani aliyewahi kufanya kazi ofisi ya probesheni, wakili atakuja siku 2 tu. Kiswahili kinashuka mwaka wa kwanza, semista zote mbili. Takwimu inatangulia utafiti kwa semista moja, na mzee wa takwimu ndiye aliyetoa hoja hiyo mbele ya watu kama vile ni yake tangu mwanzo. Nikapiga makofi ya kwanza.

Maslow kaachiwa saikolojia. Waalimu wanne wameapa.

Kitu kingine aliyekileta ni dada wa saikolojia, na ni kizito: watoto walioanza mtaala mpya wa sekondari kidato cha kwanza (S1) mwaka 2020 ndo waliofanya UCE, mtihani wa taifa wa kidato cha 4, ya kwanza ya mtaala huo 2024, kwa hiyo chuoni watatufikia 2027. Hao wamezoea miradi na kufanya kwa mikono, ukiwakalisha semista nzima unawasomea nukuu watakuona wa ajabu. Mtaala tunaoandika sasa ndo utawapokea. Hatukuwa na muda wa kulijadili, liko kwenye kumbukumbu za kikao.

Tatizo: haya yote lazima yapite bodi ya fakalti, seneti, halafu NCHE, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sasa wanaondoka kwenda fildi Juni. Hawawezi kusubiri muhuri. Tumekubaliana kambi ya wiki 2 kabla hawajaondoka, maadili, kuhoji, sheria za msingi, Kiswahili cha kazi. Hesabu nikaifanya kwenye leso ya karatasi: krediti 1 ni saa 15 za darasa, na saa 2 za vitendo zinahesabiwa kama 1, kwa hiyo saa 3 kwa siku kwa siku 10 ni saa 30 za vitendo, krediti 1 kamili. Safi kabisa, haigusi kanuni yoyote.

2 Juni

Nani alipanga kambi kwenye wiki 2 zenye sikukuu 3? Mimi. Kesho Mashahidi, Ijumaa Idd, Jumatatu ijayo Mashujaa. Siku 10 zimekuwa 7, saa 30 zimekuwa 21. Mtu mzima na digrii mbili. Nimetangaza Jumamosi na siku ndefu, wanafunzi wakaguna vile wanavyoguna, na mimi mwenyewe ninalo la mbuzi la kupanga nyumbani.

13 Juni

Kambi imeisha, saa 30 zimetimia, ya mwisho tuliimalizia kwa taa ya simu maana umeme ulikatika.

Kilichofanya kazi ni maigizo. Nilimleta mama mmoja wa jikoni chuoni, mwenye miaka 50 na kitu, awe mteja, nikamwambia tu uwe mgumu. Banange, alikuwa mgumu. Anajibu swali lingine kabisa, anauliza mwanafunzi kama ameolewa, analia kidogo halafu anaomba nauli. Wanafunzi wanne mfululizo walimtolea pesa mfukoni. Mjadala uliofuata ulikuwa na maadili ndani yake kuliko autlaini nzima ya mwaka wa 3.

Kiswahili tulifanya sentensi 40 tu, za kazi. Karibu mama, keti. Naitwa fulani, mimi ni mwanafunzi. Unaweza kukataa kujibu. Tuongee wawili tu. Ile "tuongee wawili tu" niliwarudisha mpaka wakaiimba.

Kilichoshindikana ni sheria, siku 2 hazikutosha, wamebaki na majina na miaka. Wengine wameandika mkononi 2010 na 2016 kama watahiniwa wa hesabu.

17 Julai

Nimetoka Nakivale leo kwenye usimamizi, vumbi mpaka masikioni.

Nilimkuta kijana wetu wa mwaka wa kwanza kwenye kibanda cha shirika, anahoji mama Mkongomani, na kweli, pembeni kuna mtoto, wa kike safari hii, miaka 8 au 9. Sikusema kitu, nilikaa kwenye benchi mlangoni kama mtu anayesubiri boda. Mama akamwonyesha mtoto kwa mkono kwamba huyu atatafsiri. Kijana akavuta pumzi, akasema polepole kwa lafudhi ya Ntungamo, "Mama, tuongee wawili tu. Mtoto aende kucheza kwanza." Mama akamtazama sana. Halafu akamwambia binti yake kitu, binti akatoka, akanipita pale mlangoni.

Na mama akaanza kuongea. Akaongea Kiswahili cha kwao, cha Kivu, cha haraka, "niko na", "bintu", "ile siku balikuya", na Kifaransa kimechanganyika humo ndani, na kijana wetu na sentensi zake 40 hakuambulia kitu. Nilimwona kichwa kinainama kwenye fomu, peni imesimama. Mlango umefunguka na hana cha kuingilia. Mimi nilimwelewa mama, si yote, mengi. Nikaingia nikaomba ruhusa yake kukaa, akakubali, tukaendelea watatu. Swali la 9 jibu lake halikuwa hapana. Kesi imepelekwa inapotakiwa, na hapa siandiki zaidi.

Njiani kurudi kijana akaniuliza, "Mwalimu, kile kilikuwa Kiswahili?" Nikamwambia ndiyo. "Mbona siyo kile ulichotufundisha?"

Ana haki. Kozi niliyoipigania ni Kiswahili sanifu, ngeli na insha, na mwalimu wake ni mtu wa sanifu kwelikweli, akisikia "balikuya" atachukua peni nyekundu. Nimekisogeza miaka 2 mbele na ndani yake nimekiacha vilevile. Kwenye kadi ya Kiswahili, upande wa "anatoka akiweza kufanya nini", nilikuwa nimeandika "kuwasiliana". Na mimi ndo nilikataza "kuelewa"!

5 Agosti

Rasimu iko bodi ya fakalti, imepita na masahihisho madogo, seneti ni Septemba. Ukurasa wa Hajati umejibiwa nusu: tutafundisha kozi 5 za zamani sambamba kwa miaka 2 kwa wanaorudia, mbili kati ya hizo Jumamosi, jina lake limewekwa "kozi za mpito" ili zisionekane kama makosa. Autlaini 7 zilizokosekana Februari, nimepata 5. Ripoti ya uchunguzi wa kijamii imeingia kwenye kozi ya kuhoji, wiki 3, na yule afisa wa probesheni kakubali kuja kusahihisha za kwanza yeye mwenyewe, bila malipo, ila nauli.

Kadi ya Kiswahili nimeichana nikaandika nyingine. Semista ya kwanza sanifu, ya pili Kiswahili cha wateja wetu, cha Wakongomani na cha Warundi, kusikiliza kwanza. Nimeongeza saa 6 za namna ya kufanya kazi na mkalimani mtu mzima, maana ukweli hata wakisoma miaka 3 kutakuwa na Kibembe, kutakuwa na Kisomali, lugha haziishi. Mwalimu wa Kiswahili hajafurahi. Kasema atafundisha sanifu na hicho kingine nitafute mwenye nacho. Nimempata, mzee mmoja wa Uvira, mwalimu wa shule tangu kwao, anaishi kambini miaka mingi, na Sheria ya Wakimbizi inamruhusu kufanya kazi, lakini cheti chake kilibaki Kongo na ofisi ya ajira inataka cheti.

Nimemuuliza mkuu tufanyeje. Kasema niandike memo, na nisiandike "mwalimu", niandike "mtaalamu mwalikwa", maana hao hulipwa kwa vocha. Naandika sasa hivi.